Soba ya milioni moja na nusu, na nauli ya kwenda Temeke

Familia ya kisa hiki nimeiunda kutokana na mambo yanayojirudia nyumba hadi nyumba katika Dar es Salaam, ili pasiwepo mtu wa kunyooshewa kidole. Fedha zinazotajwa ni za mfano. Taratibu za matibabu ya uraibu wa heroini na pombe, na hatari zake, ni zile ambazo mgonjwa wa kweli atakutana nazo.

Kijana ana miaka 27, fundi wa kuchomelea, anaishi na mama yake Chamazi. Unga, yaani heroini, alianza akiwa na miaka 21, kwanza kwenye msokoto uliochanganywa na bangi, kisha akawa anauvuta wenyewe, na mwaka wa mwisho alikuwa anajidunga. Jioni anakunywa pombe kali. Hilo la pombe hakuna aliyelihesabu kuwa tatizo, kwa sababu mtaani kila fundi anakunywa. Mama anakaanga samaki, kaka mkubwa ni karani wa ghala, dada ni mshonaji. Baba alishafariki, kwa hiyo kwenye vikao mwenye sauti ni baba mdogo.

Kikao kiliitwa siku kijana alipouza mashine ya kukatia chuma ya bosi wake. Baba mdogo alitaka apelekwe polisi, akakae huko mpaka atulie. Kaka akasema, "Mama, mimi nimeshaulizia. Kuna soba, nyumba ya kuwaachisha watu unga, nje kidogo ya mji, laki tatu kwa mwezi. Baada ya miezi minne wanamrudisha mtu mzima." Mama akauliza swali moja tu, kama huko watampa chakula. Wakakubaliana. Mama akakopa 600,000 kwenye kikundi chake cha VICOBA, kaka akachukua mkopo wa mshahara 500,000, dada akauza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo kwa 250,000, na michango ya ndugu ikaleta 150,000. Jumla 1,500,000.

Ada ya miezi minne ikala 1,200,000. Fomu na vipimo vya kuingilia, 80,000. Godoro, ndoo, sabuni na nguo za kushindia, 120,000. Laki moja iliyobaki iliisha usiku wa tatu.

Usiku huo ndio ninaotaka tuusimamie kwanza. Siku mbili za mwanzo kijana alikuwa kwenye arosto, yale mateso ya mwili uliokosa unga: kamasi, kutapika, kuharisha, mifupa inauma, halali. Wasimamizi wa nyumba ile wengi walishapita humo humo, kwa hiyo walijua la kufanya. Walimpa maji, uji na maneno ya kumtia moyo. Lakini mikono ilikuwa inatetemeka kwa namna ambayo arosto ya unga haitetemeshi, jasho linamtiririka, na usiku wa tatu akaanza kuona watu ukutani. Kabla ya alfajiri akaanguka kifafa. Mmoja akadhani ni majini, mwingine akasema anajifanya ili arudishwe nyumbani. Bahati ikawa kwa kijana mdogo wa zamu aliyesisitiza ipigwe simu ya bajaji. Hospitalini akapewa diazepamu na vitamini B1, akalazwa, akatulia.

Kilichomwangusha kilikuwa pombe. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikatishwa ghafla, kifafa kinaweza kumjia ndani ya siku mbili za mwanzo hivi, na hali ya kuweweseka na kuona mambo yasiyokuwepo mara nyingi hufika kati ya siku ya pili na ya nne. Hiyo hali inaua. Arosto ya unga inatesa kiasi cha mtu kutamani kufa, lakini kwa mtu mwenye afya ya kawaida anayepewa maji ni nadra kuua. Familia nyingi wanalijua hili kinyume: wanaogopa unga na kuidharau pombe. Kwa hiyo mlevi wa gongo anafungiwa chumbani "aache", na anayetumia unga ndiye anayekimbizwa hospitali.

Kwa maoni yangu shilingi ya kwanza ya familia hii ilipaswa kwenda kwa daktari, kabla ya kwenda kwa mwenye nyumba yoyote ya soba. Kumwona daktari kwenye kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya serikali ni gharama ndogo ukilinganisha na ada ya mwezi mmoja wa soba. Maswali yake ni machache: anatumia nini, kiasi gani kwa siku, kwa njia ipi, mara ya mwisho ilikuwa lini, aliwahi kuanguka kifafa alipoacha. Majibu ya hayo ndiyo yanayoamua aanzie wapi. Kama pombe imo, aanzie wodini kwa siku chache, apunguziwe kwa dawa akiwa anaangaliwa. Familia isiyo na uwezo wa kulipa kulazwa huko ina njia ya kuomba msamaha wa gharama kupitia afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na mara nyingi ataulizia barua ya serikali ya mtaa. Barua hiyo itafutwe mapema. Ukianza kuitafuta mgonjwa akiwa kitandani tayari, utahangaika siku nzima kati ya ofisi ya mtaa na dirisha la malipo huku bili inapanda.

Baada ya wiki kijana alirudishwa soba na akamaliza miezi yake minne. Niseme wazi kwamba nyumba ile ilimfanyia mema. Aliongezeka uzito, alirudia kuswali, alijifunza kusema mbele ya wenzake mambo ambayo hajawahi kumwambia mama yake. Soba zilianza kushika kasi Zanzibar, zikasambaa bara, nyingi zikiendeshwa na watu waliotoka kwenye unga wenyewe, na kuna watu wengi leo wanaoamka asubuhi wazima kwa sababu yake. Kwa aliyekwishaondolewa pombe mwilini kwa usalama, au anayetumia vitu visivyo na dawa mbadala, nyumba nzuri yenye ratiba na watu wanaomwelewa inaweza kuwa ndiyo tiba inayomfaa kuliko nyingine.

Lakini huyu alikuwa mtumiaji wa heroini wa miaka sita, anayejidunga. Kwake kumaliza miezi minne bila unga na kurudi Chamazi bila dawa kulikuwa na hatari ambayo hakuna aliyemweleza mama yake siku ya kulipa ada. Mwili unaokaa bila heroini unapoteza uzoefu nayo. Kipimo alichokuwa anakihimili zamani sasa kinatosha kumsimamisha pumzi. Ndiyo maana wiki za mwanzo baada ya kutoka soba, au kutoka gerezani, ni za kuogopwa kuliko wiki nyingine yoyote katika maisha ya mtumiaji.

Siku ya kumi na moja baada ya kurudi alikutana na rafiki maskani, kijiwe cha watumiaji. Akajidunga kiasi kilekile cha zamani. Dada yake ndiye aliyemkuta nyuma ya choo, midomo imekuwa ya bluu, anakoroma kwa mbali. Jirani ambaye ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii akamlaza ubavu, akamfungua mdomo, na alipoona pumzi zinakaribia kukatika akampulizia mdomo kwa mdomo mpaka gari likapatikana. Hospitalini akachomwa naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini, akafungua macho. Asubuhi muuguzi alimkuta mama kwenye benchi, akamuuliza, "Mama, huyu mwanao hajawahi kupelekwa kliniki ya methadoni?" Mama akajibu kwamba fedha zimekwisha zote. Muuguzi akamwambia, "Hiyo hailipiwi, mama yangu."

Tanzania ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, Muhimbili mwezi Februari 2011, ikiwa ya kwanza kuendesha programu ya umma ya aina hiyo katika bara la Afrika kusini mwa Sahara. Baadaye huduma ikafika Mwananyamala na Temeke, na Zanzibar ikaanza Kidongo Chekundu mwaka 2015. Leo kuna kliniki pia mikoani, zikiwemo Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga na Arusha. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Kwa hiyo wakati familia hii inauza cherehani, dawa yenye ushahidi mkubwa kabisa kwa tatizo la mtoto wao ilikuwa inatolewa bure mjini kwao, umbali wa daladala mbili. Linaniuma hilo kila ninapokutana na familia iliyokwishamaliza akiba yake.

Kwa nini hawakujua? Kaka aliulizia kwa watu, na watu walimjibu wanachokijua. Soba ina mtu wa kupokea simu, ina bei, inakupa tarehe ya kumleta mgonjwa na tarehe ya kumchukua, na familia iliyochoka inapenda kusikia tarehe ya kumchukua. Kliniki ya methadoni haikuahidi tarehe. Tena mtaani kuna maneno: "wanabadilishiwa unga wa serikali", "ukinywa ile hutaacha maisha". Baba mdogo aliyasema hayo hayo kwenye kikao cha pili.

Methadoni nayo ni dawa ya jamii ya afyuni, hilo ni kweli na wahudumu hawalifichi. Tofauti yake iko kwenye mwendo. Heroini inapanda haraka na kushuka ndani ya saa chache, kwa hiyo mtu anashinda siku nzima akitafuta kete ya kuzuia arosto. Methadoni inanywewa mdomoni, inapanda polepole na kukaa mwilini zaidi ya siku moja. Mtu aliyefikishwa kwenye kipimo chake halewi, hana arosto, na anaweza kushika mashine ya kuchomelea kuanzia asubuhi hadi jioni. Sindano zinaisha, na pamoja nazo hatari kubwa ya VVU na homa ya ini. Je, atainywa miaka mingapi? Wengine mwaka, wengine mingi, na wanaoiacha hupunguziwa kidogo kidogo kwa makubaliano na daktari. Aliye na presha anakunywa dawa zake miaka yote na hakuna baba mdogo anayemwita teja.

Njia ya kuingia ilikuwa hivi. Muuguzi aliwaelekeza kwenye asasi inayofanya kazi maskani za Temeke, yenye waelimisha rika ambao wengi ni wanufaika wa dawa hiyo hiyo. Kijana alihudhuria vikao vya maandalizi, akatakiwa aje na ndugu wa kumsimamia, na dada akajitolea. Kliniki ikampima mkojo, VVU, homa ya ini na kifua kikuu. Siku ya kwanza akapewa dozi ndogo, na alilalamika kwamba haimtoshi. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaenda kuongezea kete au pombe jioni. Methadoni hujilimbikiza mwilini siku za mwanzo, kwa hiyo wiki mbili za kwanza ndizo zenye hatari ya kuzidisha, na pombe na vidonge vya usingizi vinaiongeza mno. Kliniki inaweza kumnyima dozi anayefika amelewa. Si ukali, ni kumlinda asife usingizini. Kwa huyu, mwenye historia ya kifafa cha pombe, daktari alitaka suala la pombe lishughulikiwe sambamba tangu siku ya kwanza, na dada akapewa kazi ya kusema ukweli kama amekunywa.

Kwenye dirisha la dawa utaratibu ni ule ule kila siku. Anataja jina na namba, muuguzi anahakiki picha, anampimia dawa ya maji kwenye kikombe kidogo. Anakunywa palepale, anasuuza kikombe kwa maji na kuyanywa pia, kisha anaongea maneno mawili matatu ili muuguzi aone kinywa kiko tupu. Chini ya dakika moja. Na kwa dakika hiyo moja ametoka Chamazi, ameshuka kituo cha Rangi Tatu, amepanda gari lingine hadi Temeke, na atarudi hivyo hivyo.

Hapa ndipo bei ya matibabu ya bure inapoonekana. Gari moja 600, mawili 1,200, kwenda na kurudi 2,400. Kwa siku 30 ni 72,000. Ukiweka chai na kitafunwa cha 1,000, maana methadoni na tumbo tupu haviendi vizuri kwa wengi, unafika 102,000 kwa mwezi. Kwa mwaka, 1,224,000. Familia ikisikia "bure" haiipangii hesabu hii, na wiki ya tatu mama anatoa nauli kwenye mtaji wa samaki, wiki ya tano hakuna nauli, kijana anakosa siku moja, mbili, tatu. Akikosa siku kadhaa mfululizo hawezi kurudi na kunywa dozi yake ya juu kama kawaida, lazima atathminiwe na pengine ashushwe, aanze kupanda tena. Wengi wanapotelea hapo, na mtaani inasemwa methadoni imemshinda.

Ile 1,500,000 ya kikao cha kwanza ingebeba nauli na chai ya zaidi ya miezi 14. Hiyo ndiyo hesabu ninayotamani kila familia ya mtumiaji wa heroini iifanye kabla ya kutoa ada popote: chukua fedha mliyo nayo, gawanya kwa miezi 12, kisha uliza ni tiba gani inayoweza kuendeshwa kwa kiasi hicho mwaka mzima. Mwezi wa kwanza kila ndugu anachanga. Mwezi wa saba anachanga nani?

Fedha ilikuwa imeshaondoka, kwa hiyo walijipanga na kilichobaki. Kaka, ambaye mkopo wa mshahara unamkata bado, alichukua nauli ya Jumatatu hadi Ijumaa. Hakumpa mkononi. Kila Jumapili humtumia dada 12,000 kwa simu, na dada hutoa 2,400 kila asubuhi. Wikiendi ikawa ya kijana mwenyewe kutokana na vibarua. Mama aliachiwa deni la VICOBA peke yake, 660,000 pamoja na riba, na alipoeleza ukweli kwenye kikundi wakamkubalia alipe 55,000 kwa mwezi kwa mwaka mzima. Alikuwa ameficha sababu ya mkopo kwa aibu. Alipoisema, wanakikundi wawili walimfuata pembeni kuuliza njia, nao wana watoto.

Bosi wa kuchomelea ndiye aliyenishangaza. Dada alimfuata, akamwomba radhi kwa mashine iliyouzwa, akaeleza kwamba kijana lazima afike dirishani asubuhi kila siku na hawezi kuwa kazini kabla ya saa nne. Bosi akakubali aanze saa nne na kumaliza saa moja jioni, na 2,000 kwa siku ikatwe kulipia mashine. Kazi iliyopangwa kuzunguka saa za dirisha ina thamani kuliko michango yote ya ndugu, kwa sababu ndiyo itakayolipa nauli wakati kaka atakapochoka.

Yako mambo mawili yaliyokaribia kuivunja mipango hiyo. La kwanza ni kifua kikuu. Vipimo vilikuwa vizuri alipoingia, lakini mwezi wa nne alianza kukohoa, akapimwa, akaanzishiwa dawa. Ndani ya wiki mbili arosto ikarudi, akaanza kusema kliniki inamchanganyia maji. Rifampisini iliyomo kwenye dawa za kifua kikuu huifanya methadoni iondoke mwilini haraka, na baadhi ya dawa za kufubaza VVU, kama efavirenzi, hufanya vivyo hivyo. Alichohitaji ni kuongezewa dozi, na alipoongezewa akatulia. Ndugu anayemsindikiza mgonjwa ataje dawa zote kwa kliniki zote mbili, hata kama hakuna aliyeuliza. Na dawa za kifua kikuu zikiisha, kliniki ikumbushwe tena, kwa sababu dozi ile iliyoongezwa sasa itakuwa kubwa mno.

La pili ni msiba wa babu, mkoani, mahali pasipo na kliniki. Baba mdogo alisisitiza kijana aende siku tano kama wajukuu wengine. Mtu wa namna hii akitaka kusafiri lazima azungumze na kliniki kabla, waone kama kuna kituo njiani kitakachompokea au la. Msiba hautoi notisi. Dada alisimama kwenye simu akasema, "Baba mdogo, huyu akikaa siku tano bila dawa tutakuwa na msiba mwingine." Kijana akabaki, akatuma rambirambi. Baba mdogo alinuna hadi arobaini.

Kama bado mnafikiria soba kwa ndugu anayetumia heroini, ulizeni kabla ya kulipa. Nyumba inatambulika na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya? Ni mhudumu gani wa afya anayefika, na kwa siku zipi? Mgonjwa akianguka kifafa saa nane usiku, nani anaamua apelekwe hospitali na gari ni la nani? Akitoroka siku ya tano, ada inarudi kiasi gani? Mnaruhusiwa kumwona faragha, bila msimamizi kusikiliza? Nyumba inayofunga watu minyororo au kuchapa, ondokeni hapo hapo hata kama mmeshalipa. Na swali ambalo familia ya Chamazi haikuliuliza: siku anayotoka mnamkabidhi kwa nani?

Kijana sasa yuko mwezi wa tisa. Mkojo wake umekuwa safi vipimo vitatu vya mwisho. Pombe ameteleza mara mbili, zote dada alizitaja kliniki na akarudi kwenye ushauri. Mashine ya bosi imeshalipwa, kwa hiyo zile 2,000 za kila siku zimerudi mfukoni mwake, na wiki iliyopita alimwambia kaka asitume tena nauli ya Alhamisi na Ijumaa. Mtoto wa kaka anaanza darasa la kwanza Januari. Kilichobaki kwenye meza yao ni siku tatu za nauli kwa wiki, 7,200, na deni la mama lenye marejesho matatu.